Behewa la kwanza nyuma ya garimoshi la mvuke: kiti kizuri, mhudumu wa hovyo

Nilianza na nyota moja, na sababu nitaisema. Tiketi ya "mbele kabisa" ilinikalisha nyuma tu ya kichwa cha garimoshi la zamani la mvuke, safari ya kukatiza vitongoji hadi nje ya jiji na kurudi. Ilikuwa wikendi fulani si ya mbali, asubuhi ya manyunyu. Sehemu kubwa ya safari kiti kile kilistahili kila senti. Kilichoniudhi ni dakika tatu hivi pamoja na mdomo wa mhudumu mmoja, na mpaka leo sijavisamehe.

Vitongojini reli ina wenyewe. Treni za kila siku ndizo zenye njia, na garimoshi la makumbusho hupenyezwa katikati yake likipatiwa mwanya. Tukasimamishwa na taa nyekundu kwenye mwinuko, karibu na daraja la barabara, labda dakika kumi. Sasa boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, halijui taa nyekundu. Moto umeshajengwa kwa ajili ya kupanda, mvuke unaendelea kuzaliwa, wa kuutumia hayupo, na shinikizo likifika kikomo vali za usalama hufunguka kwa ngurumo ya kuziba masikio. Pembeni ya nyumba za watu, asubuhi ya mapumziko, hilo hulitaki. Kwa hiyo mtia makaa hufunga njia za hewa chini ya moto na kuingiza maji baridi boilani kwa injekta, shinikizo litulie. Ndivyo inavyofanywa popote. Shida ni kiasi.

Injekta ni kifaa cha ajabu alichokibuni Mfaransa Henri Giffard mwaka 1858. Haina pistoni wala gurudumu. Mvuke wa boila lenyewe ndio unaosukuma maji kurudi ndani ya boila lile lile. Aliyekaa behewa la kwanza anaisikia. Ikishika huimba kwa sauti nyembamba, isiyokatika. Ikikataa hutema mvuke na maji chini kwenye mataruma, na mara nyingi ni kwa sababu maji ya kwenye tenda (kigari cha maji na makaa nyuma ya kichwa) yamepata joto, au chujio limeziba, au injekta yenyewe imechemka. Hapo watu wa zamani huimwagia ndoo ya maji baridi na kuanza upya, maji kwanza, mvuke baadaye. Siku ile haikukataa. Iliimba, ikaimba, ikaimba. Nilianza kupata wasiwasi kabla taa haijageuka.

Boila likijazwa kupita kiasi, nafasi ya mvuke juu ya maji inakuwa finyu. Taa ikawa kijani, na dereva, nadhani kwa kubanwa na ratiba, akafungua mvuke kwa pupa. Shinikizo juu ya maji likashuka ghafla. Maji yale yana joto la karibu nyuzi 200 na yanazuiwa kuchemka na shinikizo peke yake, kwa hiyo yakaumuka kama maziwa yanayofurika sufuriani, yakabebwa na mvuke hadi kwenye silinda na kutokea bomba la moshi. Boila limetapika. Sikio hulijua kabla ya jicho: mlio mkavu wa "chaf, chaf" unakuwa mzito, kama kikohozi cha mtu mwenye makohozi kifuani. Kisha ikatushukia mvua nyeusi ya maji, masizi na mafuta mazito ya silinda. Madirisha yalikuwa wazi, maana ndiyo sababu ya kununua kiti kile. Mtoto wa kiti cha mbele yangu alikuwa amevaa nguo nyeupe. Alikuwa.

Mhudumu wa behewa akaja. Nilimwambia kwa adabu kabisa kwamba boila limetapika, awaarifu wakubwa wake, na mama wa mtoto apatiwe kitambaa. Jibu lake: "Kaka, huu ni mvuke. Aliyetaka usafi angepanda la umeme." Halafu akaanza kufunga madirisha ya watu, moja baada ya jingine, bila kuomba, eti kwa usalama.

Hapo ndipo nilipofura. Moshi ni sehemu ya mvuke, kweli. Chembe za makaa zinazokurukia jichoni ni sehemu ya mvuke, na mwenye kulalamikia hizo amepotea njia. Boila kutapika si sehemu ya mvuke. Ni kosa la uendeshaji, na ni kosa la hatari: maji hayabanwi kama mvuke unavyobanwa, kwa hiyo pistoni ikiyakuta mengi ndani ya silinda inaweza kupasua kifuniko cha silinda au kupinda fimbo yake. Dawa yake inajulikana. Unapunguza mvuke mara moja, unafungua koki za silinda maji yatoke chini, unasubiri maji ya boilani yatulie, ndipo unafungua tena taratibu. Na dereva, sitamnyima haki yake, ndivyo alivyofanya. Magurudumu hayakuzunguka mara tatu koki zikafunguliwa, wingu jeupe likafumuka pande zote mbili. Yaani walio kwenye kichwa walijua wamekosea na wakarekebisha. Mita chache nyuma yao, mwenzao anamgombeza abiria!

(Boila likitapika hata kioo cha maji, kile kinachoonyesha kimo cha maji boilani, kikiwa nusu, lawama si ya mtia makaa. Hayo ni maji machafu, yaliyolimbikiza chumvi na matope hadi yanatoa povu. Boila linahitaji kumwagwa na kuoshwa. Siku ile lilitapika mara moja tu, baada ya injekta kuimba dakika kumi. Hesabu si ngumu.)

Ningeishia hapo, nyota moja, au ningeomba sifuri. Lakini mwinuko uliendelea, na baada ya daraja nikafungua dirisha langu tena, mhudumu apende asipende.

Hakuna sauti kama ile. Garimoshi la silinda mbili hupumua, yaani hutoa "chaf" yake, mara nne kila gurudumu kubwa likizunguka mara moja. La silinda tatu, mara sita. Gurudumu la kipenyo cha mita 1.8 husogea karibu mita 5.65 kwa mzunguko, kwa hiyo kwenye la silinda mbili ukihesabu pumzi nne kwa sekunde mko kama kilomita 20 kwa saa. Tulipanda kwa mwendo huo huo. Reli zilikuwa na unyevu, na mara mbili magurudumu yakateleza: pumzi zikaungana ghafla zikawa mrindimo mmoja, dereva akapunguza mvuke, mchanga ukamwagwa mbele ya magurudumu, yakashika. Behewa la tano hawakujua lolote, kule wanasikia maungio ya reli na vikombe vya chai. Wa mbele unajua kila uamuzi wa dereva kwa masikio.

Na mtia makaa yule yule aliyejaza boila, vitongojini alifanya kazi ya kuvuliwa kofia. Kwenye njia kama ile nguo za watu zimeanikwa hatua chache kutoka relini, na bomba likitoa moshi mweusi malalamiko huwafikia wenye garimoshi kabla ya jioni. Moshi mweusi ni makaa yasiyopata hewa ya kutosha. Alitia kidogo kidogo, mara kwa mara, akiacha mlango wa tanuri wazi kidogo hewa ipite juu ya moto. Kila mvuke ulipofungwa kabla ya stesheni alikuwa ameshafungua kipulizi, ule mrija wa mvuke unaovuta moshi kwenda juu injini isipopumua. Kisipofunguliwa, moshi hulala chini na kuingia behewani, na kwenye handaki miali inaweza kurudi nyuma kwa wafanyakazi wenyewe. Bomba lilionyesha ukungu wa kijivu tu. Kwa kazi hiyo nyota nne. Nilikuwa tayari kuziandika.

Mwisho wa njia wakanirudisha kwenye hasira yangu. Kichwa kikafunguliwa, kikazunguka kwa njia ya pili na kufungwa upande mwingine. Behewa langu la kwanza likawa la mwisho. Tiketi ya "mbele kabisa" ikanirudisha nyumbani mkiani, na kichwa chenyewe kikienda kinyumenyume, tenda mbele, kwa kuwa kule hakuna meza ya kukigeuzia. Hilo hutokea njia nyingi za namna hii na si dhambi. Dhambi ni kunyamaza wakati wa kuuza. Nilipouliza, mhudumu yule yule alinyoosha kidole kwenye maandishi madogo ya tiketi. Hayakusema lolote kuhusu kurudi. Mbuzi kwenye gunia kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni: je, ni behewa la kwanza la abiria, au la kwanza kweli? Wengi huweka behewa la mafundi na vipuri nyuma ya tenda, nawe unajikuta wa pili. Je, kuna kichwa cha dizeli mkiani? Ikisukuma kwenye mwinuko, pumzi za mbele hulegea na utalipia ukimya. Mkipanda huku injini inapumua kama inateremka, jua kuna msaada nyuma. Kaeni mkiipa injini mgongo, upande ambao upepo unatokea, na miwani ya kufunika pembeni. Chembe ikiingia jichoni msisugue; maji safi mengi, kope wazi. Vichwa visitoke dirishani, maana vitongojini nguzo za taa na kuta za madaraja ziko karibu kuliko zinavyoonekana. Na injekta ikiimba muda mrefu mkiwa mmesimama, fungeni madirisha wenyewe kabla taa haijawa kijani.

Nyota mbili. Tatu, ikiwa mhudumu yule amehamishiwa behewa la chai.

Kuhusu madoa: masizi yakung'uteni yakiwa makavu. Mafuta ya silinda yapakeni sabuni ya vyombo kwanza, kabla maji hayajagusa nguo. Mama wa yule mtoto alianza na maji, na doa likaenea hadi mabegani.