Fundi wa bodi wa Shabab, Nakuru: nilimlipa anitafutie ukweli wa 404 ya maharusi

Kazi yangu ni kukodisha magari ya harusi hapa Nakuru, kwa hiyo mafundi nimewajua wa kila aina: wa injini, wa umeme, wa viti, wa rangi. Huyu wa mtaa wa Shabab namwandika hapa kwa sababu alinifanyia kazi ambayo sijaona fundi mwingine akiitoza pesa. Nilimlipa achunguze magari ambayo si yangu, aniambie kama mojawapo ndilo lile ninalolitafuta. Ukitaka kununua gari la zamani ambalo bodi yake imewahi kukatwa, pitia kwake kabla hujatoa hata shilingi ya kianzio.

Gari lenyewe watu wazima wa Nakuru wanalijua. Ni Peugeot 404 saluni, yaani ile ya kawaida ya milango minne, iliyokatwa paa ikawa wazi, ikabeba maharusi wa mji huu miaka ya 1970 na 1980. Wateja hunijia na picha za mama zao wamekaa ndani yake, shela inapepea nyuma, wasimamizi wamebanana. "Hii ndiyo ninayotaka," bibi harusi mtarajiwa ananiambia, nami sina la kumpa. Gari lilitoweka. Mmoja atakwambia liliuzwa Kisumu, mwingine kwamba liliungua Molo, mwingine anaapa liko Nairobi kwa tajiri fulani, limefunikwa turubai.

404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia, lakini sifa yake huku kwetu ilipatikana matopeni. Katika Safari Rally ya 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na 1968 yakafika 7 tena. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda kwa gari hilo hilo. Mzazi aliyetaka binti yake aende kanisani kwa heshima alitafuta 404, na mwenye uwezo zaidi alikodi hii isiyo na paa.

Gereji haina bango. Ukifika juakali ya Shabab ulizia mzee wa bodi za Peugeot, utaelekezwa. Utakuta milango ya 504 imening'inizwa ukutani, mabampa yamepangwa juu ya mapipa, na mzee mwenyewe amekaa kwenye kigoda akinyoosha bati kwa nyundo, mkono wa pili ukikinga kwa chuma upande wa chini. Kazi hiyo alijifunza tangu kijana kwa Kalasinga mmoja aliyekuwa na gereji hapa mjini. Fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati kabla ya rangi, haipendi. Anaipaka pale tu ambapo nyundo haiwezi kuingia, na ukimwambia akufichie kutu kwa fila atakuelekeza kwa jirani.

Nilipomweleza shida yangu nilianza na zile hadithi za Kisumu na Molo. Akanyoosha mkono. "Mama, hizo picha nipe kwanza. Maneno ya watu nitayasikia baadaye. Nataka kuona waliikatia wapi."

Alizitazama picha muda mrefu, akizigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akanifunza jambo ambalo kwangu peke yake linatosha ada niliyolipa. 404 haina fremu ya chini kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari, na paa ni sehemu ya nguvu yake. Ukiondoa paa bila kuongeza nguvu mahali pengine, gari linalegea katikati kama kitanda cha kamba: milango inakataa kufunga, na siku moja ukipita kwenye shimo kioo cha mbele kinapasuka. Lakini katika picha zangu milango ya mbele imefunga sawasawa, hata gari likiwa limejaa watu. Tena milango ya nyuma haina vishikio. "Waliichomelea," akasema. "Hiyo milango imekuwa ukuta. Na chini ya vizingiti lazima waliweka chuma cha chaneli, kile chenye umbo la mfereji. Hawa walikuwa wanajua kazi." Akaniwekea kidole kwenye jambo ambalo sikuwa nimeliona miaka yote niliyokaa na picha hizo: yale mabawa madogo ya nyuma, ambayo kwenye 404 huishia na ncha kali, kwenye gari hili yamekatwa ncha yakaviringwa.

Kwa hiyo tulianza safari tukijua tunachotafuta. Rekodi ya serikali utaipata kwa simu yako kupitia eCitizen ukiwa na namba ya gari, nami siku zote naitazama kabla ya kununua. Itakuonyesha gari limesajiliwa kwa nani. Lakini kibati cha namba kilichopigwa ribiti mtu anaweza kukitoa gari hili akakipachika lile, na namba za picha zangu, zile za zamani za herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, zimefunikwa na maua ya harusi. Ilibaki kusoma bati.

Kisumu kulikuwa na muuzaji aliyedai ana "404 yenyewe ya Nakuru". Alitaka 650,000. Tulipanda matatu alfajiri, na tulipopita Kericho mzee aliamka usingizini kunikumbusha kwamba hapo ndipo alipozaliwa Joginder Singh, mwaka 1932, aliyeshinda Safari ya 1965 kwa Volvo na zile za 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kisha akalala tena.

Gari la Kisumu lilikuwa zuri, siwezi kukataa. Jeupe, limeng'aa, viti vyekundu, haliko mbali na ziwa na upepo unapita juu yake vizuri. Mimi moyo wangu ulikuwa umeshalipa. Mzee hakutazama rangi. Alitoa tepu, akapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, akanionyesha: mita 2.84. Saluni ya 404 ni mita 2.65. Ile ndefu ni ya pikapu na steshenwagoni. Akatoa sumaku mfukoni, akaipitisha ubavuni pale ambapo mlango wa nyuma ungekuwa umechomelewa. Sumaku ilishika moja kwa moja, hakuna fila, hakuna mshono. Bati lile halijawahi kuwa na mlango. "Hii ni pikapu imetengenezwa viti," akasema kwa sauti ya kawaida tu. Muuzaji akamwita kando. Mzee akarudi na kuniambia, muuzaji akiwa amesimama papo hapo, kiasi alichoahidiwa akikubali kunyamaza. Kwa hilo peke yake nampa alama zote. Nimefanya biashara ya magari muda wa kutosha kujua kwamba fundi wa mnunuzi mara nyingi hulipwa na muuzaji.

Kuna bwana mwingine hapa Nakuru aliyeshikilia kwamba gari halikukatwa kamwe, kwamba ni ile 404 ya wazi iliyotoka kiwandani. Kweli zilikuwepo: Pininfarina alizijenga bodi zake Turin kuanzia 1961. Lakini mabati yake ya nje ni tofauti na ya saluni, na kwenye picha zetu mabawa ya nyuma ni ya saluni, ila yamepunguzwa. Suala hilo mzee alilimaliza kabla chai haijapoa.

Mwishowe habari ya kweli ilitoka Njoro. Mzee alikuwa ameuliza mafundi wenzake wa kuchomelea, mmoja baada ya mwingine, kama kuna aliyewahi kuona saluni ya 404 yenye chaneli chini. Mmoja akakumbuka trela. Tukaenda kwenye shamba lenyewe, na ndani ya banda, nyuma ya trekta, kulikuwa na trela ya kubebea mahindi. Kwa jicho langu ilikuwa sanduku la bati la kijani juu ya magurudumu mawili. Mzee alitandika gunia, akalala chini na tochi, akakaa huko hadi mwenye shamba akaanza kuniuliza kama yuko salama.

Alipotoka alinivuta nami nikaingia chini, na gauni langu. Chaneli zilikuwepo, mbili, zimekatwa mbele lakini bado zimeshika sakafu, zimeunganishwa kwa gesi na shaba, kazi safi ya mtu asiye na haraka. Ekseli ni ya 404 yenyewe, na lile bomba ambalo shafti hupita ndani yake limekatwa karibu na difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Ubavuni sumaku ilishika, ikaachia kwenye mstari mwembamba wa wima, ikashika tena. Akakwangua fila kidogo kwa ncha ya bisibisi tukaona ukingo wa mlango wa nyuma, umechomelewa ukalainishwa. Mabawa ya nyuma yalikuwa yamekatwa ili mbao za trela zikae, ila la kulia limebaki kipande. Ncha yake imeviringwa.

Rangi ndiyo iliyonitoa machozi. Picha zangu ni za rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, na kila mama ninayemuuliza ana jibu lake: lilikuwa jeupe, la samawati, la waridi. Mzee alilowesha msasa laini, akasugua mahali padogo kwa kuzunguka hadi tabaka zikatokea moja nje ya nyingine. Kijani cha trekta. Kijivu. Nyekundu. Na ndani kabisa, juu ya praima ya kwanza, ile rangi ya msingi, rangi ya maziwa. Basi mama zetu waliolewa ndani ya gari la rangi ya maziwa, na sasa naweza kuwaambia binti zao bila kubahatisha.

Wanaofuatilia magari yaliyobadilishwa bodi watakuwa wamesikia habari ya Mercury ya 1951 ambayo ndugu wawili, Sam na George Barris wa California, waliikata mwaka 1952 kwa ajili ya Bob Hirohata. Walishusha paa, wakaondoa nguzo za katikati, wakaipaka kijani za aina mbili. Baada ya miaka michache ilikuwa inauzwa kwenye yadi ya magari makuukuu, rangi nyingine juu yake, na mwaka 1959 kijana anayeitwa Jim McNiel akainunua kwa dola 500. Akaitunza maisha yake yote. Januari 2022 iliuzwa mnadani Florida kwa karibu dola milioni 2. Gari la Nakuru halikupata McNiel wake. Lilipata mkulima aliyehitaji trela, na simlaumu: ameitunza, anaipaka grisi, inabeba mahindi kila msimu. Mbele ya gari, aliniambia, iliuzwa kwa watu wa vyuma chakavu, na injini ilisukuma maji ya shamba mpaka ikakwama.

Nilimwomba mzee aniandikie kwamba hili ndilo gari. Akakataa. Aliandika kwamba nusu ya nyuma inalingana na picha kwa chaneli, kwa milango iliyochomelewa na kwa bawa la kulia. Kwamba mbele haipo, na namba iliyogongwa kwenye bati haikupatikana kwenye sehemu iliyobaki. Akatia sahihi. Kwanza nilivunjika moyo, maana nilikuwa na mteja aliyesubiri neno moja tu. Lakini karatasi hiyo nikimwonyesha mtu yeyote anayejua magari, hana pa kuitoboa.

Bei yake: gari likiwa ndani ya Nakuru ni shilingi 3,000. Nje ya mji ni 5,000 kwa siku, na nauli na chakula ni juu yako. Analipwa kwa kuchunguza, jibu liwe ndiyo au hapana, na pesa anachukua kabla ya kuliona gari. Nadhani ndivyo inavyofaa.

Kasoro zipo. Ripoti ni ukurasa wa daftari la shule, kwa mkono, na hapigi picha, kwa hiyo nenda na mtu mwenye simu nzuri na tochi ya ziada. Simu yake huzimwa akiwa na nyundo mkononi, yaani mchana kutwa. Mvua ikinyesha uwanja wake ni tope hadi kifundo cha mguu na kazi za nje husimama. Injini hazigusi na hatajifanya anazijua. Ukitaka kujua hali ya injini tafuta mwingine. Na ukimpelekea bodi ya kunyoosha, usimpe tarehe ya harusi. Gari langu moja lilikaa kwake hadi siku ya harusi ikapita, ikabidi nikodi gari kwa mwenzangu. Kazi ilipotoka ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia, lakini hasara ilikuwa yangu.

Mkulima wa Njoro amekubali kuniuzia trela siku atakapopata nyingine. Mzee amekwisha kupima zile chaneli na kuchora zilivyoshikwa, na tunatafuta saluni ya 404 iliyo nzima chini, hata kama juu imeoza, ili aijenge upya kwa vipimo hivyo. Ukiwa nayo, au ukijua iliyolala kwenye boma la mtu kati ya hapa na Kisumu, mwachie mzee ujumbe. Yeye ni Msabato, Jumamosi hafungui. Jumapili asubuhi, kabla vijana wake hawajafika, ndipo ana nafasi ya kukusikiliza.