Kufuatilia jina la biashara yako mtandaoni: lipi ulipie, lipi uachane nalo

"Mama Keki, mbona wanakuanika hivi Facebook?"

Aliyeniuliza ni kijana wa boda anayenipelekea mizigo, tukiwa Mamboleo tunafunga keki ya orofa mbili. Akanisogezea simu. Keki yangu ya wiki zilizopita imelalia upande mmoja kama mtumbwi unaoingiza maji, krimu imeteremka hadi kwenye sahani, na chini yake maoni 43. Posti ilikuwa na siku kumi na moja. Mwezi huohuo nilikuwa nalipia, tena kwa dola, programu ya kunijulisha kila jina langu linapotajwa mtandaoni. Haikuwa imesema lolote.

Baadaye nilielewa: kundi lenyewe lilikuwa la faragha, na programu ya nje haiingii humo. Tangu siku hiyo nimejaribu nyingi. Nazipanga hapa kwa kumfikiria mtu mwenye duka moja na simu moja, hapa Kisumu au Kakamega au Nakuru.

Nafasi ya kwanza: Google Business Profile. Bure.

Hadi 2021 iliitwa Google My Business. Mtu akitafuta "keki Kisumu" kwenye ramani, unatokea na nyota zako, na akiandika maoni unapata arifa na kumjibu papo hapo, mbele ya wote. Maoni mabaya huwezi kuyafuta. Unaweza tu kuyaripoti yakivunja masharti, kwa mfano matusi au mshindani aliyejifanya mteja, kisha usubiri uamuzi wao.

Watu wengi wa nyumbani kama mimi huogopa kujisajili wakidhani nyumba yao itaanikwa. Si lazima. Unaficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia: Milimani, Kondele, Nyalenda, utakavyo. Mara nyingi utaombwa video ya kuthibitisha kwamba biashara ipo kweli, kwa hiyo andaa mtaa, vifaa vyako na kazi ikiendelea. Fanya hili kabla hujatoa shilingi yoyote kwingine.

Nafasi ya pili: mtu mwenye bando.

Najua ulikuja kusoma kuhusu programu. Lakini kwa biashara ya mtaani, pesa yangu naiweka kwa binti wa jirani aliyemaliza shule, saa moja Jumatatu na saa moja Ijumaa, bando juu yangu. Anapekua Facebook, TikTok na X. Nimempa karatasi yenye jina langu kama wateja wanavyoliandika, si kama lilivyo kwenye kibao: keki, kek, cake, Kisumu, Kisumo, na lile kosa la herufi moja ambalo hata mamangu hulifanya. Makundi yanayokubali wanachama ameingia kwa jina lake. Kwenye TikTok anatazama video yenyewe, maana mtu anaweza kulitamka jina lako dakika nzima bila kuliandika popote, ilhali programu nyingi husoma maandishi.

WhatsApp ni habari nyingine. Ujumbe wake umefungwa kati ya anayetuma na wanaopokea, na asiyekuwa ndani ya kundi hausomi. Akija mtu kukuuzia programu ya kusoma makundi ya WhatsApp usiyokuwemo, mwonyeshe mlango. Huko unategemea wateja wanaokupenda wakutumie skrinishoti.

Nafasi ya tatu: Google Alerts. Bure.

Ipo tangu 2003. Unaandika jina, unachagua upate barua pepe mara moja, kwa siku au kwa wiki, basi. Liweke jina kwenye alama za kunukuu, la sivyo kila neno litatafutwa kivyake. Na kama biashara yako ina neno Victoria kwa heshima ya ziwa letu, pole: utaletewa siasa za jimbo la Australia na mavazi ya mke wa Beckham. Ongeza Kisumu, kisha ondoa usiyoyataka kwa alama ya kutoa, kama -Australia.

Hukamata magazeti, blogu na tovuti. Muuza keki anaweza kukaa miezi bila barua hata moja, ndiyo maana nimeishusha hapa.

Nafasi ya nne: Brand24, Mention na wenzao. Kwa mwezi, kwa dola.

Hapa ndipo ulipie kama una hoteli, kliniki au shule yenye matawi, na unatajwa hadharani kila wiki. Zinapekua mitandao mingi kwa mpigo na kukuambia kama umesifiwa au umesemwa vibaya. Shida ni lugha. "Hiyo keki ilikuwa noma" ni sifa au lawama? Mimi mwenyewe lazima nione nani kaandika. "Huyu mama ataniua na hizi keki" ni sifa tupu. Mwingine akiandika "mit ahinya", Mjaluo yeyote anajua keki imekolea. Usitarajie mashine ijue.

Wengi hutoa siku za kujaribu bure. Zitumie hivi: mwombe rafiki aposti hadharani jina la biashara yako, mara moja sawasawa na mara moja likiwa na kosa, kisha hesabu saa hadi arifa ifike. Isipofika, umejibiwa. Kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyokuja 2022, inatosha kulipia, lakini andika kwenye kalenda siku ya kughairi. Kumbuka pia mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 kabla ya kushuka hadi 130 hivi. Bei yao haikubadilika, yako ilibadilika.

Nafasi ya mwisho: Meltwater, Brandwatch na daraja hilo.

Ni za benki na kampuni za simu, kwa mikataba mikubwa. Kuna moja ya aina hii, sitaitaja, niliyoiulizia bei. Fomu ikataka idadi ya wafanyakazi. Nikaandika wawili, nikihesabu na oveni. Hawajanipigia hadi leo.