Johnny Cash au Dolly Parton: nani kabebwa zaidi na imani na familia?

Wote ni waimbaji wa kantri wa Marekani, wametoka familia maskini za shamba, kanisa toka utotoni, ila imani imewafanyia kazi tofauti kabisa. Cash kakulia Dyess, Arkansas, wakichuma pamba, na 1944 kaka yake Jack, ambaye ndoto yake ilikuwa kuwa mhubiri, akakatwa na msumeno wa mashine akafa, na naona hilo halikumtoka maisha yake yote, hata alipoenda kwa prodyuza Sam Phillips pale Memphis alitaka kuimba gospo, akaambiwa haiuziki. Baadaye vidonge vya kulevya vikamchakaza, mwimbaji mwenzake June Carter akamshikilia, wakaoana 1968.

Dolly yeye imani ni kama chakula cha nyumbani tu. Babu mchungaji wa Kipentekoste, kwao wamezaliwa watoto 12, mjomba Bill ndo anampeleka redioni angali mtoto. Baba hakujua kusoma, ndo maana 1995 Dolly akaanzisha mpango wa kuwatumia watoto vitabu bure. Mumewe wala hakupenda kamera, na ndoa ikadumu!

Kwa familia Dolly hana mpinzani, lakini mtu akiniuliza nani anaimba Mungu ukasisimka, mi nasema Cash. Mashabiki wa kantri wa Kenya mnirushie tu mawe.