Makaa ya maganda ya mpunga na urea: uzoefu wangu wa shambani Dakawa, Morogoro

Nimeyatumia makaa haya kwenye mahindi kwa misimu kadhaa. Yanafaa, tena sana, ila si kwa namna yanavyonadiwa.

Ni maganda ya mpunga yaliyochomwa kwa hewa kidogo hadi yakawa meusi bila kuwa majivu. Wataalamu huyaita bayocha. Kwenye mashine zetu za kukoboa maganda yamejaa tele, na muuzaji anayafunga kwenye viroba akiahidi kwamba utapunguza mbolea ya urea kwa nusu. Maelekezo yake ni rahisi: changanya na urea, nyunyiza juu, basi.

Hapo nampinga kabisa. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani. Ukiimwaga juu ya udongo wenye unyevu na jua likawaka, vimeng'enya vya vijidudu vya udongo huigeuza kuwa gesi ya amonia ikapaa, na hali ikiwa mbaya hata theluthi ya ile naitrojeni huondoka hivyo. Makaa ya maganda yana majivu ndani yake, na majivu hupunguza uchachu wa udongo. Udongo usio na uchachu ndio unaoiachia amonia upesi. Kwa hiyo ukiyachanganya na urea juu ya ardhi, unaweza kuongeza hasara uliyotaka kuizuia.

Ukitaka kujionea, chukua makopo mawili ya kioo, tia udongo mbichi na kizibo kimoja cha soda cha urea kila kopo. Kwenye la kwanza changanya urea na makaa, acha juu. Kwenye la pili fukia vyote viwili kina cha kidole. Funika siku mbili tatu. Mimi nilipofungua la kwanza harufu ilinichoma pua mpaka machozi yakanitoka. La pili lilinukia udongo tu.

Ninavyofanya sasa: nachanganya makaa na samadi iliyooza, ndoo kwa ndoo, nalowesha na kuacha kivulini wiki kadhaa. Yakishakolea samadi, makaa hushika vizuri zaidi virutubisho ambavyo udongo wangu wa kichanga hauna uwezo wa kuvizuia. Wakati wa kupanda natia konzi moja ya mchanganyiko huo kila shimo. Mahindi yakifika magotini, nachimba kishimo kando ya shina, kizibo kimoja cha urea, nafukia. Vibarua wanadai zaidi kwa kazi hiyo, na wana haki.

Tofauti niliiona baada ya mvua kubwa. Mistari isiyo na makaa, majani ya chini yalianza kuwa ya njano kutoka nchani, yakifuata uti wa jani kurudi shinani, dalili ya njaa ya naitrojeni. Yenye makaa yalibaki kijani kwa muda mrefu zaidi. Urea nimepunguza kidogo tu, nusu sithubutu.

Lalamiko langu ni uzito. Muuzaji anauza kwa kilo, na viroba vingine huja vimelowa, unalipia maji. Siku hizi nafungua kila kiroba na kutia mkono mpaka chini kabla ya kutoa pesa.

Kwenye majaruba yangu ya mpunga, ambako udongo ni mfinyanzi mzito, sikuona faida yoyote. Msimu ujao nanunua tena, kwa ajili ya udongo wa kichanga pekee.