Seti ya Mpira wa Vinyoya Isiyo na Unyoya Hata Mmoja

Mwezi uliopita nilinunua seti ya mpira wa vinyoya katika duka moja la vifaa vya michezo mjini Mtwara kwa shilingi 38,000. Ndani yake mna raketi mbili, vinyoya vitatu (yaani mipira yenyewe ya kupigwa), wavu na nguzo za kuunganisha. Nilipoomba "vinyoya", kijana wa dukani aliniletea raketi za tenisi, na ilinibidi nitamke "badmintoni" ndipo akapanda ngazi kulishusha boksi lenyewe.

Nakiri kwamba boksi lilinivutia kabla ya raketi, kwa kuwa ubavuni limechapwa jina la mchezo huu kwa lugha nyingi. Waingereza waliuita kwa jina la jumba la Badminton lililoko Gloucestershire, makao ya ukoo wa Beaufort, ingawa maofisa wao walikuwa wameshaucheza na kuutungia kanuni huko Poona, India. Wafaransa na Wahispania nao wakalichukua jina la jumba hilo hilo. Wengine waliutazama mpira wenyewe: Wafini husema sulkapallo, Wahungari tollaslabda, Wachina yumaoqiu, na kwa Kiafrikana ni pluimbal, na maneno yote hayo yanataja mpira na unyoya. Ninalolipenda zaidi ni la Waindonesia, bulu tangkis, ambamo bulu ni unyoya na tangkis ni kukinga pigo, kwa hiyo aliyelisikia ameshaelezwa nusu ya mchezo. Kiswahili hakimo ubavuni mwa boksi hilo, japo sisi nasi tuliutazama unyoya.

Lakini ni Wajerumani walionisaidia kuipima bidhaa hii. Wao wana majina mawili: Badminton kwa mchezo wa mashindano, na Federball, yaani mpira wa unyoya, kwa ule wa kujifurahisha uani. Kwa kipimo hicho, seti hii ni Federball tupu. Kinyoya cha mashindano hutengenezwa kwa manyoya 16 yaliyopachikwa kwenye kizibo, na uzito wake ni kati ya gramu 4.74 na 5.50, lakini hivi vitatu vya seti hii ni vya plastiki, na sikuona unyoya hata mmoja. Wavu unapaswa kufikia mita 1.55 penye nguzo, ilhali nguzo hizi, hata zikiunganishwa zote, zinaishia kifuani mwangu, nami si mrefu.

Hata hivyo, plastiki imetufaa. Tulicheza ufukweni Shangani jioni moja ya upepo wa kusi, na kinyoya kilipeperushwa mara kadhaa hadi majini, lakini kila kilipookotwa na kukung'utwa kiliendelea kutumika, jambo ambalo manyoya halisi yasingelistahimili. Raketi ni nyepesi na nyuzi zake bado zimekaza, ila mshiko wa moja ulianza kubanduka wiki ya pili, nikauzungushia utepe. Kwa watoto na uwanja wa nyumbani ninaipendekeza bila kusita; anayetaka kufanya mazoezi ya mashindano ndani ya ukumbi atafute raketi na vinyoya vyake kando.

Kijana yule alikuwa mwungwana na alinipunguzia shilingi 2,000 bila kuombwa. Risiti yake imeandikwa "tenisi ndogo, 1".