Michoro ya karakana kutoka Katwe: inafaa

Mafundi wenzangu wa Kampala, kuna ofisi ndogo Katwe inayoandaa michoro ya kukatia vyuma. Niliwapelekea mchoro wa mhandisi wa ghala la Mukono. Waliyonirudishia hata msaidizi wangu anaisoma bila kuniita: kila boriti ina namba yake, saizi yake, 203x133x25 (kimo na upana kwa milimita, na hiyo 25 ni kilo kwa mita), na urefu wa kukatia. Matundu ya bolti za M20 (unene wa milimita 20) ni milimita 22, yote yamepimwa kutoka ncha moja. Hapo ndipo chuma kinapookolewa, maana makosa hayajumlishwi kutoka tundu hadi tundu! Alama za kuchomelea zinaonyesha upande na ukubwa. Bei ni ya juu kidogo. Waambie wachape kwenye karatasi kubwa ya A1, kwani kwenye A3, iliyo ndogo, vipimo vya viungo havionekani vizuri.