Mnara ulioota kabla ya wakati wake: uzoefu wangu na duka la picha za kale Mji Mkongwe

Niseme mapema nisije nikaambiwa nimekuja na chuki zangu: vioo vilifika vizima. Picha zilifungwa kwa magazeti, zikatiwa kwenye maboksi ya tambi, zikapakiwa boti pale Malindi na kushuka Dar bila hata ufa. Kwa hilo nawapa heshima yao. Mengine subirini kidogo.

Nina mgahawa mdogo Ilala, vyakula vya kwetu Unguja: urojo, pilau, mkate wa kumimina, na boko boko siku za Ijumaa. Kuta zilikuwa tupu muda mrefu. Nikataka ukuta mmoja uwe wa majumba ya kale ya Mji Mkongwe, na wa pili uwe wa vyakula na viungo, michoro ya zamani ile ya kwenye vitabu vya mimea na kadi za posta. Nikaelekezwa duka moja kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Jina silitaji, maana mwenye duka simjui na sina ugomvi naye, labda. Wanauza nakala, na wanakwambia wazi kuwa ni nakala. Hilo halinisumbui. Wanachapa kwenye karatasi nzito, wanatia fremu, halafu chini ya fremu wanapiga kibati cha shaba chenye jina la jengo na mwaka. Kibati ndicho kilichonivuta. Mteja anakaa, anasubiri pilau lake, anasoma, anajua anachokitazama. Ukuta wenyewe unasomesha.

Sasa picha kubwa kuliko zote, niliyoitundika nyuma ya meza ya malipo, ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, ikitazamwa kutoka baharini. Kibati kinasema: BEIT AL-AJAIB, 1884. Nimeipandisha ukutani, nimeshuka kwenye kigoda, nimerudi nyuma hatua kadhaa niione vizuri. Mnara wa saa huo hapo, umesimama kwenye uso wa jumba, katikati, kama tulivyoujua sote.

1884!

Aliyekulia Unguja akasimuliwa na wakubwa zake hahitaji digrii kuliona kosa hili. Sultani wetu wa wakati huo, Sayyid Barghash, alilijenga jumba lile 1883, na enzi zake mnara haukuwa umeshikana na jumba hata kidogo. Ulisimama peke yake mbele, upande wa bahari, mnara wa taa na saa. Ikaja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash amekalia kiti cha usultani na Waingereza hawamtaki, manowari zikafungua mizinga, na hata saa nzima haikutimia mambo yalikuwa yamekwisha. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ikabomoka, na ule mnara wa mbele nao ukaharibiwa. Jumba la Maajabu likabaki limesimama. Walipokuja kulitengeneza 1897 ndipo mnara mpya wa saa ukajengwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Kwa hiyo picha yoyote unayoona mnara umo ndani ya jumba, jua mizinga imeshalia. Hakuna njia nyingine.

Ushahidi wa pili hauhitaji hata kujua mambo ya minara. Kwenye picha hiyohiyo, kona ya kushoto, kuna milingoti imechomoza baharini, na chini yake hakuna chombo. Milingoti mitupu. Hiyo ni Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa siku ileile ya vita, ikakaa bandarini miaka na miaka milingoti yake ikionekana juu ya maji, mpaka mabaki yake yalipokatwakatwa 1912. Ina maana picha imepigwa baada ya 1896 na kabla ya 1912. Yenyewe inakwambia umri wake, na aliyeandika kibati hakuitazama. Aliandika mwaka uliomjia kichwani.

Nikatuma ujumbe, kimya. Nikapiga simu, nikaambiwa mhusika katoka. Baadaye nikavuka kwenda harusini, nikasema hapa hapa, napita dukani mwenyewe. Nimemkuta kijana kaunta, simu mkononi, na macho hakuyainua.

"Kijana, mwaka wa hii picha siyo," nikamwonyesha kwenye simu yangu.

"Siyo vipi?"

"Mnara huu 1884 ulikuwa haujajengwa hapa."

"Kwani mama wewe ulikuwepo?"

Nikameza. Nikamwambia mimi sikuwepo na yeye hakuwepo, lakini mizinga ya Waingereza ilikuwepo, na hii milingoti pia ilikuwepo, aitazame. Akatupa jicho. "Hizo ngalawa." Ngalawa gani jamani isiyo na mwili wala ndubi, zile mbao za pembeni? Nikamwambia avute picha aikuze aone. Hakuivuta.

"Mama, picha ni picha tu. Wageni wanachukua hii kila siku na hakuna aliyewahi kuuliza."

"Mimi si mgeni."

"Ndiyo maana unasumbua."

Nimeandika neno kwa neno, sijaongeza chumvi. Mtu kasimama katikati ya Mji Mkongwe, anauza historia ya Mji Mkongwe, halafu mtu wa Mji Mkongwe akimwambia umekosea, huyo ndiye msumbufu. Mgeni asiyejua ndiye mteja mzuri. Tangu siku ile kila kitu cha duka lile kimenigeuka. Fremu nilizokuwa nazisifia naziona zimepinda. Karatasi naiona nyeupe mno, ya ofisini. Nimechungulia ile picha ya Jumba kwa lenzi ya kusomea, nikakuta vidoto vya printa vitupu, wala sikushangaa maana ni nakala, lakini siku hiyo hata vidoto vilinikera.

Nikaanza kusoma vibati vyote vya dukani, kwa makusudi. Kuna nakala ya ule mchoro wa miji wa Braun na Hogenberg, wachapaji wa kale wa ramani, uliochapwa Cologne 1572, wenye Aden juu, na chini Mombasa, Kilwa na Sofala. Mchoro mzuri sana. Wamekata kipande cha Mombasa peke yake, wakakitia fremu, kibati kinasema FORT JESUS, MOMBASA, 1572. Wareno wameanza kuijenga Fort Jesus 1593! Nikacheka peke yangu mle ndani mpaka bibi mmoja wa Kitaliano akanigeukia.

Kuna watakaosema mama huyu anagombania miaka kumi na mitatu. Sawa. Lakini jumba lenyewe mnajua lilipo sasa. Disemba 25 ya 2020, likiwa kwenye ukarabati, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Watoto wanaokuja kula kwangu leo wanaujua mnara ule kwenye picha tu. Ikiwa picha yenyewe inawadanganya, wakaushike wapi?

Haya, na upande mwingine niseme, maana nikinyamaza nitakuwa nami nauza kibati cha uongo.

Ukuta wa vyakula ni mzuri. Ni mzuri kiasi cha kuniudhi. Kuna mchoro wa mkarafuu, wa Kijerumani, wa 1887, uliochapwa kwa mawe ya chapa, rangi moja baada ya nyingine juu ya karatasi ileile. Tawi zima, majani yanang'aa, vichwa vya karafuu vimeanza kuwa vyekundu, vile vinavyotakiwa kuchumwa kabla havijafunguka. Pembeni aliyechora kapasua kichwa kimoja katikati kwa kisu cha kalamu, unaona ndani yake. Mama mmoja wa Wete, kila akija anasimama pale, anagusa kioo kwenye makonyo, vile vijiti vya karafuu, anasema, "Huyu aliyaona." Kioo kina alama za vidole vyake na sikifuti haraka.

Kuna na kadi ya posta ya muuza kahawa na dele lake, birika la kahawa, kachuchumaa barazani, vikombe mkononi. Ni picha ya kamera, ya enzi za wale wapiga picha wa Kigoa, kina A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliokuwa na studio zao pale Unguja. Salamu za mwandishi zimebanwa mbele, kuzunguka miguu ya muuza kahawa, kwa sababu kadi za mwanzo mgongoni ilikuwa anwani tu. Uingereza wenyewe waliruhusu mgongo ugawanywe mara mbili, nusu anwani nusu salamu, 1902. Duka wangeweza kuyafuta yale maandishi kwa kompyuta ili picha iwe safi, na hawakuyafuta. Hapo mtu alitumia akili. Na kibati cha kadi hii hakina mwaka kabisa, kina MUUZA KAHAWA, UNGUJA, basi. Unaona? Inawezekana kumbe.

Hata ukuta wa majumba si wote mbaya. Kuna mchoro wa mji kutoka baharini, wa mtindo wa magazeti ya London kama Illustrated London News. Zamani mchoro mkubwa wa gazeti ulichongwa kwenye vipande vya mbao ngumu vilivyofungwa pamoja kwa skrubu, ili mafundi wagawane kazi na gazeti liwahi. Pale vipande vilipokutana hubaki ustari mweupe mwembamba. Kwenye nakala yangu ustari huo umekatiza anga kutoka juu hadi kwenye mapaa. Mteja mmoja kaniambia, "Dada, kioo chako kina mkwaruzo." Nikafurahi kama aliyenisifia chakula. Nakala mbovu ustari ule usingeuona.

Na kuna mzee wa fremu. Yeye hukaa nyuma, kwenye kiukumbi chenye harufu ya gundi, miwani imefungwa uzi. Baada ya kijana kuniita msumbufu nilipita kwake kumsalimia tu, nikiwa na hasira zangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia makelele."

Nikamwonyesha picha. Hakuhitaji lenzi. "Huu mnara wa baada ya mizinga. Na hiyo Glasgow hiyo. Niliwaambia. Mimi vibati naletewa tayari, kazi yangu kupiga skrubu." Akaniambia nikirudi Dar nikitoe kile cha zamani, skrubu ni mbili tu, na yeye atafanya mpango nichapiwe kipya. Nikatulia kabisa. Nikafika mpaka kusema moyoni nitawapa nyota nne.

Natoka, kijana anasema bila kunitazama: "Kibati kipya elfu ishirini na tano."

Nilipie mimi! Wakosee wao mwaka, nilipie mimi! Nikamuuliza anajua maana ya kosa la muuzaji. Akasema kibati ni shaba, shaba haiokotwi. Hapo nyota zikaanza kudondoka, na bado zinadondoka.

Kwa hiyo hukumu yangu. Kazi ya mikono, fremu, kupakia, ukuta wa vyakula: nyota tano, nendeni mkanunue, na mkarafuu ule muuombe kwa ukubwa wa juu kabisa. Vibati: sufuri, mwambieni mzee asipige kibati, mtaandika wenyewe. Kaunta: sijui kama kuna nyota za chini ya sufuri. Ukijumlisha inakuja mbili. Nikimkumbuka mzee inakuja tatu. Nikikumbuka "ndiyo maana unasumbua", inarudi moja, na sasa hivi ninavyoandika nimekumbuka.

Picha ya Jumba haijashuka ukutani. Kibati nimekitoa kwa kisu cha jikoni, kipo kwenye droo ya chenji. Nusu ya pili ya bei yake sikuwa nimeilipa, tulikubaliana baada ya mzigo kufika, na kijana ananitumia ujumbe: "Mama salio." Sina maneno mengi naye. Namjibu: "Leta kibati, 1897 kwenda mbele, nikutumie." Akijibu kwamba shaba haiokotwi, namwambia na hela ya urojo haiokotwi.